Ng'ombe Wangu wa Gatsata

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kumiliki ng'ombe. Nimekana mbele ya wanafunzi wenzangu, nimekana mbele ya mume wangu, na kwenye hafla moja, mgeni wa heshima alipouliza kwa utani kama ukumbini kuna mwanamke aliyewahi kupewa ng'ombe na mwanamume asiye mchumba wake, niliinama nikaendelea na soda yangu. Leo nakiri. Nilikuwa naye mmoja, mwenye pembe ndefu na tabia mbaya, akikaa Gatsata, mjini Kigali, juu ya barabara inayopanda kutoka Nyabugogo. Sikumnunua wala sikumrithi. Nilipewa na mwalimu wangu wa uchumi wa kilimo. Kumweleza ng'ombe bila kumweleza mwalimu haiwezekani, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuwakana wote wawili.

Tulimwita Mwalimu, kana kwamba wengine waliotufundisha walikuwa madereva. Taasisi yetu ilikuwa ndogo, imebanwa katika majengo yaliyokuwa maghala, mwendo mfupi kutoka njiapanda ya Sonatubes. Ukisikia mtu anasema alisoma chuo, usifikirie nguzo na bustani. Darasa letu lilinuka mbolea iliyokuwa imehifadhiwa humo kabla yetu, na mvua ikinyesha juu ya mabati somo lilisimama, kila mtu akatazama dari kama abiria. Nilifika hapo mwaka wa tisini, binti wa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu wanaozungumza Kiswahili. Nyumbani kwetu mmea pekee ulikuwa mnanaa, uliopandwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa nimeomba sheria. Nafasi zikagawiwa, nikapata mihogo.

Siku ya kwanza aliingia na suti ya kijivu na mwavuli, ingawa jua lilikuwa linawaka, akaning'iniza mwavuli kwenye msumari wa ubao, akatuuliza nani kati yetu amekula asubuhi ile. Wengi tukanyoosha mikono. Akatutaka tutaje kila mtu aliyeshughulika mpaka chakula kile kikafika mdomoni. Mimi nilikuwa nimekula andazi. Nilitaja mama yangu, muuza unga na muuza mafuta, nikaketi nikijiona nimemaliza. Alinisimamisha tena na tena mpaka nikafika kwa mtu aliyekata kuni za kukaangia, mtu ambaye sijawahi kumwona, na kufikia hapo kengele ilikuwa imelia na nilikuwa na njaa upya.

Alifundisha chakula, lakini hakuna aliyewahi kumwona akila. Wazee wa kwao, huko milima ya kaskazini, huona aibu kutafuna mbele za watu, na yeye, pamoja na digrii zake na Kifaransa chake kilichopigwa pasi, hakuwahi kuiacha aibu hiyo. Kwenye arusi ya mwenzetu mmoja alikaa meza ya mbele, mbele ya sahani ya mishikaki, akaitazama kwa adabu mpaka ikaondolewa. Alipoletewa maziwa aligeuka kidogo kuelekea ukutani, akanywa, akageuka tena mdomo ukiwa mkavu. Mwenzetu mwingine alidai amemwona akitafuna karanga ndani ya gari la taasisi. Tulimwambia alete ganda.

Sokoni alikuwa mtu mwingine. Alitupeleka Nyabugogo kujifunza bei za maharagwe, na sharti lake lilikuwa moja: usiulize bei ya kitu usichotaka kununua. "Unamwibia yule mama muda wake," alisema, "na muda wake haujaandikwa popote, kwa hiyo wizi wako hautajulikana." Hivyo kila aliyeuliza alinunua. Nilirudi Biryogo na vifuko vya maharagwe ya kila rangi, hadi mama yangu akakasirika.

"Hii ni shule ama ni duka?" aliuliza. "Maana kama ni duka, waambie sisi hatuli maharagwe ya njano."

Kitu ambacho hakuweza kukivumilia ni hesabu iliyosahau jasho la mtu. Kiongozi wa darasa letu, kijana aliyependa kuvaa tai, alisimama siku moja akasoma mapato na matumizi ya shamba la ndizi la kwao. Faida ilikuwa nono. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Nani alipalilia?"

"Mama yangu, Mwalimu."

"Ulimlipa kiasi gani?"

"Mama yangu?"

"Basi hiyo faida uliyosoma ni ya mama yako. Umeisoma bila kumwomba. Kaa chini."

Tulicheka kwa sababu si sisi. Zamu zetu zilifika.

Vita vilipoanza kaskazini, mwishoni mwa mwaka ule wa kwanza, tulisubiri aseme lolote. Kulikuwa na walimu waliozungumza kwa sauti kubwa na wengine walionyamaza kwa sauti kubwa vilevile. Yeye alibadilisha mfano mmoja tu katika somo lake. Gharama ya kusafirisha gunia kutoka kwao hadi Kigali, alituambia, iondolewe kwenye zoezi, kwa kuwa barabara haipitiki. Akafuta namba ubaoni, akaacha pengo pale ilipokuwa, akaendelea. Nimesoma mengi kuhusu vita vile tangu wakati huo. Sijasoma kitu kilichonishtua kama lile pengo.

Sasa niseme alivyowachukia ng'ombe. Hakuwachukia ng'ombe wa maziwa, wale wa kizungu wanaokaa bandani na kupewa chumvi ya kulamba. Alimchukia ng'ombe wa heshima, yule anayefugwa ili majirani wajue unaye. Kila mwaka alikuwa na somo zima juu yake. Angechora ubaoni ng'ombe mwenye pembe kubwa kupita kiasi na chuchu ndogo kama nukta, kisha aandike upande mmoja anachokula na upande mwingine anachotoa. "Huyu si mfugo," angesema akipiga ubao kwa chaki. "Huyu ni jamaa aliyekuja kutembea akakataa kuondoka." Vijana waliotoka vijijini walicheka kwa wasiwasi, kwa sababu nyumbani kwao jamaa huyo alikuwepo, ana jina, na baba zao humwimbia.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyosimama kama gogo asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Nilikuwa nimewahi Nyabugogo kabla jua halijapanda, nikawakuta wakulima wakishusha mizigo. Chini ya barabara, pembeni mwa bwawa lenye matete, mwanamume alikuwa ameinama akikata majani kwa mundu. Suruali ya suti ya kijivu ilikuwa imekunjwa hadi magotini. Koti lilitundikwa juu ya mwavuli uliochomekwa kwenye tope. Alifunga majani mzigo mmoja, akajiwekea ngata ya migomba kichwani, akaubeba, akashika koti mkono mmoja na mwavuli mwingine, akaanza kupanda kilima kuelekea Gatsata. Nilijificha nyuma ya magunia. Mbebaji mizigo aliyekuwa amekalia gunia moja alinitazama.

"Unamwogopa huyu? Huyu hana shida. Ni mtoto wa bibi ya ng'ombe."

"Bibi gani?"

"Iko bibi moja pale juu. Vita imemfukuza kwake. Wenzake wamekuja na magodoro, na masufuria. Yeye amekuja na ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Kitambulisho ameacha. Ng'ombe ameleta."

Saa mbili Mwalimu alikuwa darasani, suruali imenyooka, viatu safi. Nilitafuta tope kwenye kisigino sikuona.

Wiki ile alituandikia zoezi ubaoni. Ng'ombe mmoja wa kienyeji, mzee kidogo, mwenye mimba isiyo na uhakika. Maziwa yake hujaza kikombe. Anakaa mjini katika ua wa kupanga, hakuna malisho. Mwenye ng'ombe afanye nini? Hakuna aliyehitaji kufikiri. Wote tuliandika auze. Lakini mimi nilikuwa na kisu mfukoni, na ujana wangu haukunishauri nikiache. Niliandika kwamba katika hesabu hii kuna mtu mzima anayekata majani kila alfajiri, na jasho lake lazima lihesabiwe; na ikiwa mtu huyo, kwa mfano, ni mhadhiri wa chuo, hasara ni kubwa kiasi kwamba ng'ombe apelekwe kwa bucha kabla ya chakula cha mchana.

Alisoma jibu langu kwa sauti mbele ya darasa, lote, kwa Kifaransa kile kile, bila kuruka neno. Aliposema "mhadhiri wa chuo" alimeza mate. Hakuna aliyejua anasoma nini isipokuwa yeye na mimi.

"Hii ndiyo kazi bora ya mwaka," alisema. "Haina kosa hata moja." Akaikunja akaiweka mfukoni. Kisha akaniambia, mbele ya wote, kwamba Jumapili baba yangu anakaribishwa Gatsata, na mimi nije naye.

Sasa, baba yangu. Alikuwa ameshona nguo za nusu ya arusi za Kigali na alijua jambo moja kuhusu Wanyarwanda wa milimani: mwanamume akimwita baba wa msichana kwake siku ya Jumapili, na nyumbani kwake kuna ng'ombe, kinachotafutwa ni mke. Niliapa kwamba sivyo. Hakuniamini, na kwa kweli mimi mwenyewe sikuwa na maelezo mengine. Aliazima kanzu mpya kutoka kwa mteja ambaye hajaja kuichukua, akatunga hotuba ya kukataa, akaifanyia mazoezi kwenye baraza akikanyaga cherehani. Ilikuwa hotuba nzuri sana. Ilimheshimu Profesa, ikataja tofauti ya dini, umri, na masomo yangu yasiyokwisha, ikamalizia kwa udugu wa watu wote.

Tulipofika tulikaribishwa uani. Bibi, mama yake Mwalimu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwembamba, mgongo umenyooka, akimtazama ng'ombe kama mtu anavyotazama mtoto anayevuka barabara. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Alikuwa mkubwa kuliko ua. Majirani wawili waliitwa wawe mashahidi, tukapewa maziwa, na baba yangu akajikohoza ili kuanza. Mwalimu akamtangulia.

"Mzee," alisema kwa Kinyarwanda, "nimekuita kwa sababu nataka kumpa binti yako ng'ombe huyu."

Baba alikuwa tayari. "Profesa, tunashukuru heshima hiyo. Lakini huyu mtoto bado anasoma, na sisi dini yetu..."

"Simwoi."

Jirani mmoja akaangalia angani.

"Humwoi," baba alisema.

"Hapana."

"Sasa ng'ombe ni wa nini?"

"Amenishauri nimuuze."

Baba yangu alinigeukia. Sijawahi kuona uso wake hivyo tena. Nadhani alikuwa amejiandaa kukataa mkwe, na sasa hakuwa na cha kukataa.

Mwalimu alieleza, taratibu, kama anavyoeleza kwa mwanafunzi aliyechelewa. Mama yake hawezi kumuuza ng'ombe yule. Amezaliwa kwenye zizi la mumewe, ndiye aliyebaki. Yeye mwenyewe, kila alfajiri akiwa na mundu mkononi, anapiga hesabu na kila alfajiri jibu ni uza. Anaogopa kwamba siku moja, akiwa amechoka, ataifuata hesabu. Lakini ng'ombe aliyetolewa mbele ya mashahidi si wa mtoaji tena. Hawezi kuuza kitu kisicho chake. Na aliyepewa naye hawezi kumuuza bila idhini ya aliyempa. "Kwa hiyo," alisema, "hapo hakuna mtu anayeweza kumuuza. Nimetafuta njia nyingine sijaipata. Atakaa hapahapa, nitamkatia majani mimi. Akizaa ndama jike, desturi inataka ndama huyo arudi kwangu."

"Na mimi nifanye nini?" niliuliza.

"Wewe umiliki."

Bibi alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka kwa ng'ombe, akaweka kiganja changu ubavuni mwake. Ulikuwa wa moto. Ng'ombe akanipiga kwa mkia usoni.

Njiani kurudi, karibu na nyumbani, baba alisimama.

"Ile hotuba," alisema, "ningeitoa tu. Ilikuwa nzuri."

Habari zilifika darasani kabla yangu. Vijana wakaanza kuniuliza hali ya zizi langu, kama maziwa yanatosha, kama natafuta mchungaji. Mwenye tai alitaka kujua nimeandika jasho la nani. Ndipo nilipoanza kukana. Nilisema ulikuwa utani wa mzee, mbinu ya kufundisha, zoezi la vitendo. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoamini. Ni nani anayempa ng'ombe msichana wa Biryogo asiyejua kumtofautisha mtamba na fahali? Nilienda Gatsata mara chache, na sukari na khanga ya Bibi, na kila mara nilihisi naigiza. Bibi aliniamkia kama mwenye mali. Mwalimu alisimama kando, mikono nyuma, kama mfanyakazi anayesubiri amri, na mimi sikujua kama ananicheka. Ukweli ni kwamba hakuwahi kunicheka. Ila wakati huo nilidhani mtu mwenye akili kama yake hawezi kuwa anasema kitu kama kilivyo.

Kisha ukaja mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne. Wengine wameandika juu ya miezi ile na wataandika zaidi. Mimi niliipitisha Biryogo, ndani ya chumba cha vitambaa vya baba, pamoja na watu ambao hawakuwa jamaa zetu, na sitaki kusema zaidi hapa. Ilipokwisha nilipanda Gatsata. Nyumba ilikuwa haina mlango. Nguzo ya kuanikia ilikuwepo. Mwanamke aliyekuwa akichota maji jirani aliniambia hakuna mtu wa kuuliza, maana hata yeye amefika wiki iliyopita, kutoka Uganda. Nilirudi. Nikamweka Mwalimu pamoja na wale wengine, wengi, niliokuwa nimewaweka.

Taasisi haikufunguliwa. Kazi niliipata mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu ya Kiswahili, wala si kwa uchumi niliousoma nusu. Ofisi moja karibu na Sonatubes ilikuwa ikigawa majembe na mbegu za maharagwe, na waliorudi kutoka Tanzania na Uganda walihitaji mtu wa kuelewana na kila upande. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa amekulia Karagwe. Mchana mmoja alinyanyua simu, akasikiliza, akaniita.

"Dada, ni posta ya Bukoba. Kuna mzee anamtaka binti ya fundi wa Biryogo. Ni wewe?"

Nilichukua simu.

"Ni Mwalimu hapa," ilisema sauti.

Nilikaa juu ya gunia. Mwenzangu akaleta maji bila kuulizwa.

"Mwalimu. Uko hai."

"Niko. Sikiliza, hapa wanakata simu. Nimepata habari yako kwa dereva moja." Alikuwa akisema Kiswahili. Miaka yote ile alikuwa hajanitamkia neno moja la Kiswahili. Sasa alikisema polepole, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. "Nataka kukuambia habari ya ng'ombe yako."

"Ng'ombe gani?" nilisema. Ilikuwa mazoea.

"Ile yako. Ya Gatsata. Nimeiuza, na sikukuwa na ruhusa yako."

Niliibana simu sikioni.

"Ilikuwa kwa bariyeri, pale wamefunga barabara," alisema. "Mimi na mama na ile ng'ombe. Wale vijana wanataka kitambulisho ya mama, waone kabila yake. Hana, unajua hana. Wamemkarisha chini, pale barabarani. Mimi nikasema, iko ng'ombe. Wakasema, ni yako? Nikasema hapana, ni ya mwanafunzi wangu, rakini mimi nitajibu."

"Uliwaambia hivyo? Pale?"

"Waliuliza."

Nilisikia watu wakisukumana nyuma yake, na mtu akisema muda, muda.

"Wakacheka," aliendelea. "Wakaichukua. Mama akapita, na mimi nikapita nyuma yake. Ilikuwa na mimba. Nafikiri hata wewe ungeuza, rakini sikujua. Kwa hiyo nakuuliza sasa. Umekubari ama hukukubari?"

"Mwalimu, yule ng'ombe alikuwa wako."

"Hapana." Ukali wa darasani ulikuja wote, ukavuka mpaka na waya na kila kitu. "Ingekuwa yangu, singepiga simu."

Nilimwambia nimekubali.

"Kuanzia leo?"

"Kuanzia siku ile."

"Ruhusa hairudi nyuma."

"Hii imerudi, Mwalimu."

Alifikiria. Nilimsikia akifikiria. Kisha akasema mama yake amesimama hapo na anataka kunisalimia, na simu ikabadilisha mkono kwa kishindo. Kulikuwa na pumzi, na sauti ya Bibi, ndogo, ikinipa salamu ya wazee wa kwao, ile wanayomwambia mtu ili awe na makundi ya ng'ombe.

"Amashyo," alisema.

Anayesalimiwa hivyo hujibu kwa kuomba wawe majike. Sikuwa na hata mmoja, wala yeye hakuwa naye. Mwenzangu alikuwa amesimama na glasi, akinitazama nikilia mbele ya watu waliopanga foleni ya mbegu. Nikajifuta, nikajibu kama mtu mwenye zizi.

"Amashongore, Bibi."

Kisha Bukoba ikakata.